Nani anashika hesabu ya viini? Ninja na mjadala uliochukua miaka 9

Kosa lenyewe huanza hivi. Umeagiza ujenzi wa mfumo mzima kwenye mashine yenye viini 16 vya prosesa, ukaandika make -j16, ukainuka kunyoosha miguu. Unaporudi skrini imeganda, herufi unazoandika zinatokea baada ya sekunde kadhaa, na kati ya mamia ya mistari kuna mmoja unaosomeka: c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haina kosa, wala msimbo hauna kasoro. Kumbukumbu ya mashine ilikwisha, kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, ikachagua mchakato mmoja ikauua ili mingine ipone. Rudia amri ileile, huenda ikapita. Rudia tena, inakufa mahali pengine. Mara ya kwanza yaliponikuta haya nilimaliza siku nzima nikikagua faili ambalo halikuwa na hatia yoyote.

Chanzo chake ni hesabu ya kujumlisha tu. GNU make, zana ya zamani ya kujenga programu, imeambiwa iendeshe kazi 16 kwa wakati mmoja. Tuseme 4 kati ya kazi hizo ni vifurushi vinavyojengwa kwa Ninja, zana nyingine ya kujenga programu. Ninja isipopewa idadi huhesabu viini vya mashine, ikiwa ni zaidi ya viwili huongeza 2, na hiyo ndiyo idadi ya kazi inazoendesha. Kila Ninja basi inaona viini 16 na kuanzisha kazi 18. Nne zinafanya 72. Ongeza kazi 12 zilizobaki mikononi mwa make, unapata 84 zinazogombania viini 16. Viini vyenyewe vitavumilia, kwa kuwa kerneli itavigawa zamu kwa zamu. Kumbukumbu haigawiki hivyo. Kompaila ya C++ ikifungua faili lenye violezo (templates) vingi hula gigabaiti nzima bila shida, na 84 za namna hiyo hazipo kwenye mashine ya kawaida.

Kila zana hapo imefanya sawasawa na ilivyoagizwa. Hakuna iliyodanganya. Kilichokosekana ni mtu wa kushika hesabu moja kwa niaba ya wote, na juu ya hilo tu mjadala wa Ninja ulidumu tangu 2016 hadi 2025. Nimeuchagua kwa sababu naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na kwa sababu uamuzi uliotoka mwishoni una upungufu ambao watumiaji wanapaswa kuujua.

Ili kuelewa kwa nini ombi la kuifanya Ninja ishiriki hesabu hiyo halikupokelewa mara moja, lazima tuanze na tabia ya Ninja yenyewe. Evan Martin aliiandika alipokuwa akifanya kazi kwenye kivinjari cha Chromium, mradi wenye mafaili ya msimbo zaidi ya 30,000. Ukibadilisha faili moja, zana nyingine zilichukua sekunde 10 kabla hata ya kuanza kujenga. Ninja ilishusha muda huo hadi chini ya sekunde moja, na njia yake kuu ilikuwa kukataa kazi. Mwongozo wake unataja waziwazi mambo ambayo zana hii haikusudii kuwa nayo: sintaksia rahisi ya kuandikwa kwa mkono, kanuni zilizojengewa ndani, masharti ya kuamua mambo wakati wa ujenzi. Mafaili yake yanatakiwa kuandikwa na zana nyingine iliyo juu, kama CMake, Meson au GN. Yenyewe inasoma orodha, inaangalia kilichobadilika, inaendesha amri, basi.

Kwa hiyo kila anayeleta pendekezo hukutana na swali lilelile mlangoni: je, jambo hili haliwezi kufanywa na zana iliyo juu? Swali hilo limeiokoa Ninja na mzigo mwingi. Wengi wetu tumeona miradi huria iliyopokea kila kiraka, yaani badiliko la msimbo, kwa moyo mweupe na baada ya miaka michache hakuna mtu anayethubutu kugusa msimbo wake.

Swali hilo lina jibu la haki pale jambo linaposhindikana kweli nje. Mwaka 2020, toleo la 1.10 lilipokea uwezo wa kugundua utegemezi katikati ya ujenzi, uliohitajika kwa moduli za lugha ya Fortran. Huwezi kujua faili gani linategemea moduli gani mpaka ulisome, na kulisoma ni sehemu ya ujenzi wenyewe. CMake haiwezi kukisia hilo kabla Ninja haijaanza. Ndiyo maana kazi ile iliingia, na baadaye moduli za C++20 zikanufaika kwa njia hiyohiyo. Nautaja mfano huu kwa kuwa unaonyesha mlango haukufungwa kwa kiburi. Ulikuwa na kipimo.

Sasa pendekezo lenyewe. Mwaka 1999, GNU make 3.78 ilileta utaratibu unaoitwa seva ya kazi, ingawa ukiuangalia ndani huoni seva yoyote. Make ya juu kabisa hufungua bomba, lile bomba la kawaida la Unix la kupitishia data kati ya michakato, na kulijaza baiti. Ukiagiza -j16 inaweka baiti 15, kila moja ni alama ya kujumlisha. Kila mchakato unaoshiriki una ruhusa moja ya bure, ambayo mzazi wake alishaichukua kwa ajili yake. Ukitaka kuendesha kazi ya pili, soma baiti moja kutoka kwenye bomba. Kazi ikiisha, irudishe ileile uliyoisoma. Bomba likiwa tupu, ngoja. Anwani ya bomba hupitishwa kwa watoto kupitia kigezo cha mazingira kiitwacho MAKEFLAGS, kwa mfano --jobserver-auth=3,4, yaani soma kwenye kishikio (namba ya faili lililofunguliwa) cha 3 na uandike kwenye cha 4.

Ni utaratibu mzuri sana. Hauna itifaki ya mtandao, hauna msimamizi anayeweza kufa, na kerneli yenyewe inahakikisha baiti moja haisomwi na wawili. Cargo ya Rust inaufuata. GCC inaufuata inapounganisha programu kwa uboreshaji wa jumla. Make ndani ya make inaufuata bila mtu kuandika chochote cha ziada. Ninja haikuufuata. Ombi la kuunganisha msimbo lililofunguliwa mwaka 2016 lilitaka Ninja iwe mteja wa seva hiyo: ikikuta MAKEFLAGS yenye anwani, iache kuhesabu viini na iombe ruhusa kama wenzake.

Hoja ya kwanza ya kupinga ni ya kifalsafa: usichanganye. Jenga kila kitu kwa grafu moja ndani ya Ninja moja, na tatizo litakwisha. Kwa mradi ulioandikwa na timu moja hoja hii haina jibu, na Chromium yenyewe ni ushahidi. Lakini anayejenga mfumo mzima wa Linux kwa kifaa kidogo, kwa Buildroot au Yocto, hana grafu moja. Ana mamia ya vifurushi vya watu wasiojuana, kimoja kwa Autotools, kingine kwa Meson, kingine kwa Cargo. Kumwambia aviunganishe vyote ni kumwambia aandike upya kazi za watu ambao hatawaona maishani. Hapa nadhani wapingaji waliitazama dunia kupitia dirisha la mradi mmoja mkubwa.

Hoja ya pili ilisema njia zipo tayari. Mpe Ninja idadi kwa mkono, -j4 kwa kila moja, na 4 mara 4 ni 16. Ni kweli kwenye karatasi. Kwenye mashine, vifurushi vitatu vinaisha mapema, cha nne, kikubwa, kinaendelea na viini vyake 4 huku 12 vikikaa bure kwa nusu saa. Au tumia -l, inayozuia kazi mpya mzigo wa mashine ukizidi kiwango. Nimeitumia sana hiyo. Shida yake ni kwamba mzigo unaosomwa ni wastani wa dakika moja. Ninja nne zinazoanza pamoja zote zinasoma mzigo mdogo, zote zinajaza kazi, na wastani unapopanda wameshachelewa. Kisha zote zinasimama kwa pamoja, mzigo unashuka, na mbio zinaanza upya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo. Ilihusu bomba lenyewe.

Ninja ina kitanzi kimoja. Ndani yake inangoja matokeo ya watoto wake wote, inasoma walichochapisha, inaangalia aliyemaliza, inaanzisha anayefuata. Kitanzi hicho hakitakiwi kusimama kwa sababu nyingine yoyote. Sasa ongeza bomba la ruhusa. Ninja inauliza kerneli: kuna baiti? Kerneli inajibu: ipo. Ninja inakwenda kuisoma. Katikati ya jibu na usomaji, make nyingine imeshaichukua. Usomaji unasimama, na Ninja nzima inasimama nao. Watoto wake wanaendelea kuandika mpaka mabomba yao yanajaa, nao wanasimama. Wengine wamemaliza lakini hakuna wa kuwapokea, kwa hiyo ruhusa walizoshika hazirudi. Wewe uliye mbele ya skrini unaona ujenzi umetulia tuli, prosesa haifanyi kitu, wala hakuna ujumbe wa kosa.

Mwandishi yeyote wa programu za Unix atasema: fanya usomaji usiosubiri, bomba likiwa tupu urudi na jibu la hapana. Hapo ndipo mtego ulipo. Alama ya kutosubiri haikai kwenye kishikio chako. Inakaa kwenye ufunguzi wa bomba, na ufunguzi huo umerithiwa na kila mchakato kwenye familia nzima. Ukiiwasha kwa ajili yako umeiwasha kwa make ya juu, kwa Cargo, kwa kila mmoja, na wale waliotegemea usomaji wa kusubiri wanaanza kupata makosa ambayo hawakuandikiwa kuyashughulikia. Ukitaka kuwa mstaarabu, huwezi.

Na kuna balaa dogo la pembeni. Make haiwapi vishikio vya bomba watoto wote, inawapa tu wale inaotambua kuwa ni make wenzake, au mistari iliyotanguliwa na alama ya kujumlisha. Kigezo cha MAKEFLAGS, hata hivyo, hufika kwa kila mtoto. Mteja anayekisoma anaambiwa bomba lipo kwenye namba 3 na 4, kumbe kwake namba 3 ni faili jingine kabisa lililofunguliwa na skripti iliyomwita. Akisoma hapo anakula data ya watu. Akiandika hapo anaiharibu.

Mtu aliyeona picha hii yote na kusema tungoje kwanza, mimi simlaumu. Kipengele kinachoweza kuigandisha zana ambayo sifa yake pekee ni mwendo si cha kuingizwa kwa sababu tu watu wengi wamekiomba. Ongeza kwamba ruhusa hazina mwenyewe: Ninja ikiuawa ikiwa imeshika 5, hizo 5 zimepotea, na ujenzi wote unaobaki unatembea kwa viini 11. Make ya juu hugundua mwishoni kabisa, inapohesabu baiti zake na kulalamika kwamba hazitimii.

Lakini kungoja nako kulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na watu wengine. Kitware, kampuni inayotunza CMake, ilibeba kiraka cha seva ya kazi kwenye nakala yake ya Ninja. Kifurushi cha ninja kinachosakinishwa kwa pip, kisakinishi cha Python, kikajengwa kutoka nakala hiyo. Ukiuliza toleo ungejibiwa 1.11.1.git.kitware.jobserver-1, mkia mrefu unaosimulia historia nzima. Kwa miaka kukawa na Ninja mbili zenye jina moja. Aliyesakinisha kwa pip alikuwa na seva ya kazi, jirani yake aliyesakinisha kutoka kwa msambazaji wa mfumo wake hakuwa nayo, na wote wawili walipoandika ninja kwenye skripti waliamini wanazungumza kitu kimoja. Msimbo haukuzuiwa kuwafikia watu. Ulizuiwa tu kupitia mlango ambao wasimamizi wangeweza kuulinda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna jambo lilivyoendeshwa. Jibu la "si kwa bomba hili, kwa sababu hizi, rudini likiwa na sura hii" lingetosha kuelekeza nguvu za watu. Ombi linalokaa wazi miaka mingi halimsaidii yeyote. Mchangiaji anaendelea kulilinganisha na msimbo mpya kila mara, watumiaji wanaendelea kuuliza lini, na wasimamizi, ambao mara nyingi wanafanya kazi hii kwa muda wao wa ziada, wanazidi kuchoka. Hukumu kali iliyoandikwa wazi ni wema kwa pande zote.

Kilichofungua fundo kilitoka nje ya Ninja. Oktoba 2022 ilitoka GNU make 4.4, na ndani yake seva ya kazi ilihama kutoka bomba la kurithiwa kwenda bomba lenye jina, linalokaa kama faili kwenye diski. Sasa MAKEFLAGS inasema --jobserver-auth=fifo: ikifuatwa na njia ya faili. Badiliko linaonekana dogo, lakini linapangua karibu kila pingamizi la kiufundi nililotaja. Kila mteja anafungua faili mwenyewe, kwa hiyo ufunguzi ni wake na alama ya kutosubiri ni yake. Hakuna kurithi vishikio, kwa hiyo hakuna namba 3 ya uongo. Faili likiwa halipo, ufunguzi unashindwa mara moja na sababu inajulikana. Ruhusa kupotea bado kunawezekana, hilo halikutibiwa.

Naomba msomaji alitazame hili vizuri, maana ndilo lililonifanya nibadili mawazo kuhusu kisa hiki. Kwa miaka mingi nilidhani mvutano ulikuwa kati ya wanaotaka vipengele na wanaotaka wepesi. Kumbe pendekezo la 2016 lilikuwa na maswali mawili yaliyofungwa pamoja: Je, Ninja ishiriki hesabu ya pamoja? Na, je, ishiriki kupitia bomba hili? La kwanza lilistahili ndiyo tangu siku ya kwanza, kwa kipimo kilekile kilichopitisha Fortran: zana iliyo juu haiwezi kujua, sekunde kwa sekunde, viini vingapi viko wazi. La pili lilistahili hapana. Yalipojibiwa kama swali moja, hapana ya pili ikaifunika ndiyo ya kwanza.

Toleo la 1.13 la mwaka 2025 liliyajibu kila moja peke yake. Ninja sasa ni mteja wa seva ya kazi. Kwenye mifumo ya Unix inakubali bomba lenye jina peke yake, na kwenye Windows inatumia semafo yenye jina, kihesabio cha pamoja cha mfumo endeshi, ambayo GNU make huitumia huko. Ikikuta anwani ya namna ya zamani, ile 3,4, inachapisha onyo na kuendelea kama vile haikuiona. Haikuwa seva: haianzishi dimbwi la ruhusa kwa wengine, inaomba tu kwa aliyelianzisha, na hilo naliona ni sawa. Kushika hesabu ni kazi ya aliye juu, na Ninja haikuumbwa kukaa juu ya make na Cargo.

Kukataa bomba la zamani ndiko kunakouma. Debian 12 ina make 4.3. Ubuntu 24.04 nayo ina 4.3. Mtu aliye kwenye mifumo hiyo akiweka Ninja mpya kabisa atapata onyo, kisha atapata kazi 18 zilezile kwa kila Ninja, mpaka naye atafute make mpya. Kuna waliobishana kwamba hao ndio wengi, na kwamba kiraka cha nakala ya Kitware kilikuwa kikiwahudumia. Naelewa uchungu wao. Hata hivyo ningeamua kama ilivyoamuliwa. Mfumo wa zamani utazeeka na kuondoka, ila msimbo wa kushughulikia bomba lisiloweza kushughulikiwa kistaarabu ungebaki ndani ya Ninja, na atakayeutunza ni mtu ambaye hakuwapo kwenye mjadala. Na onyo ni bora mara mia kuliko ukimya: angalau unajua kwa nini mashine imeganda.

Limebaki jambo la -j. Ukiandika idadi kwa mkono kwenye amri ya Ninja, seva ya kazi inawekwa kando na idadi yako inafuatwa. Agizo la wazi la mtumiaji linashinda, na zana inayompuuza mtu aliyeagiza kwa kinywa chake haiaminiki. Matokeo yake ni kwamba skripti nyingi zilizoandikwa zamani hazinufaiki na chochote, kwa sababu sote tulizoea kuandika ninja -j$(nproc), yaani kazi kwa idadi ya viini, bila kufikiri, hata mahali ambapo Ninja ingechagua idadi inayokaribiana na hiyo yenyewe. Niliposakinisha 1.13 nikidhani nimemaliza kazi, mashine iliganda vilevile. Nilipekua skripti zangu nikakuta -j hiyo mahali saba. Nikazifuta. Ya nane ilikuwa ndani ya kifurushi cha mtu mwingine, kwenye mstari unaoita cmake --build na kuipa --parallel 16, na hiyo ilinichukua jioni nzima kuiona.